Wanaume Wawili Chini ya Paa Moja

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa tumbo langu lote, kwamba siku matokeo ya ile kura ya ndoa za jinsia moja yatakapotangazwa, serikali ya Marekani itatuma makarani nyumba kwa nyumba, na wanaume wawili watakaokutwa chini ya paa moja wataandikwa mume na mume papo hapo, wapende wasipende, wawe ndugu, wawe marafiki, wawe babu na mjukuu. Mke wa mwanzo, kama yupo, angepewa begi lake na kuonyeshwa njia. Niliamini hivyo kuliko nilivyoamini kwamba dunia ni mviringo. Habari za dunia niliambiwa na mwalimu tu, lakini hii niliambiwa na Mama Furaha, jirani yetu wa mlango wa pili, na Mama Furaha alikuwa na dada yake anayeishi mji wa Buffalo, anayejua mambo.

Msinicheke sana. Nyinyi rika langu mliokulia kwenye maghorofa yale ya matofali mekundu pale Louisville, ambako harufu ya ndagala, wale dagaa wa kwetu, ilifika kwako kabla mwenye kuwakaanga hajawasha jiko, mnajua kwamba uvumi kwetu haukuwa maneno. Ulikuwa kama hali ya hewa. Ukiambiwa mvua inakuja, unaanua nguo, huulizi nani kasema.

Mambo haya yamenirudia mwaka huu kwa sababu ya pasi. Baba alifariki, na asubuhi ya mazishi Mama alikuwa jikoni anapiga pasi shati jeupe la kumvalisha. Alinyunyiza maji kwa vidole, akateremsha pasi, na ule mvuke ukapanda, harufu ya pamba yenye unyevu inayokaribia kuungua. Mimi ni mtu wa maneno. Hata msibani nilikuwa nimeshachekesha watu wa kujaza basi zima, tena basi la mjini la kuunganishwa. Lakini harufu ile ilinifunga mdomo. Ghafla nikawa tena mtoto mwenye mapengo, nimekaa chini ya meza ya jikoni, na juu yangu baba mdogo Nestori anapiga pasi mashati ya kwaya nzima.

Nestori alikuwa mdogo wake Baba, wa tumbo moja. Kambini Tanzania, ambako familia yetu ilikaa baada ya kukimbia Burundi, alikuwa na pasi ya mkaa chini ya turubai, na watu walisema hata wale wa mashirika waliokuja na magari meupe walimpelekea suruali zao. Louisville alipata kazi sehemu ya kufulia ya hoteli moja kubwa, anakunja mashuka mchana kutwa. Ungedhani akirudi nyumbani angechukia kitambaa chochote. Hapana. Jumamosi alitandika blanketi mezani, akachomeka pasi, na foleni ya mashati ikaanza. Mkunjo wa suruali aliyoinyoosha Nestori, nawaambia, ungeweza kukata nyanya. Mimi na yeye tulilala chumba kimoja. Baba na Mama chumba kingine. Dada yangu Rehema alilala sebuleni nyuma ya pazia na alichukia kila mtu kwa sababu hiyo. Nestori aliniwekea karanga mfukoni mwa kaptula na kuniacha nizigundue shuleni. Kama angesema anahamia kwenye mwezi, ningeuliza tu kama mwezini kuna shule, na kama ipo, nisingeenda.

Sasa, ili mwelewe kwa nini uvumi wa Mama Furaha uliota mizizi kichwani mwangu, lazima niwape habari ya kuhesabiwa. Kambini kulikuwa na siku ya hesabu. Siku hiyo makarani walipita nyumba kwa nyumba na wino, na pale walipokukuta ndipo ulipoandikwa. Ukiandikwa hapo, mgawo wako wa unga na maharage ni hapo. Watu walikatazana kutoka hata kwenda chooni. Mama alikuwa akisimulia juu ya mzee mmoja aliyekwenda kwa jirani kuomba kibiriti asubuhi ya hesabu. Makarani wakamkuta huko, wakamchovya kidole huko, na mpaka hesabu iliyofuata alikula mgawo wa jirani na kumsalimia mke wake kwa mbali kama shemeji. Labda hapo kuna chumvi. Chumvi katika ukoo wetu ni urithi. Lakini siku ya hesabu yenyewe ilikuwa ya kweli, na mtu aliyewahi kuhesabiwa hivyo humwambii kwamba serikali haiwezi.

Basi ikaja ile kura. Haikuwa kura ya kupanga foleni. Tulivyoambiwa, wapigaji kura walikuwa majaji, watu wachache wenye majoho meusi huko Washington, na kura yao ingekuwa sheria ya nchi nzima, hata kwetu Kentucky ambako ilikuwa imekatazwa. Mimi nikadhani ni kwaya. Majoho ya namna ile nilikuwa nimeyaona kwa kwaya tu, nikawa najiuliza nani anawapigia pasi.

Kanisani hewa ilibadilika. Tulikodi ukumbi wa kanisa la Wazungu saa za mchana, na mchungaji wetu, ambaye siku za kawaida alihubiri kwa upole mpaka wazee wanasinzia, alianza kuhubiri moto. Moto Jumapili, moto Jumatano. Alisema matokeo yakipita tutaona. Hakusema tutaona nini, na hapo ndipo watu walipojaza wenyewe. Mmoja alisema watoto watafundishwa kuolewa darasa la tatu. Mwingine alisema Biblia zitakusanywa kwa malori. Wanaume walisimama baada ya ibada kwenye maegesho ya magari, mikono kifuani, na kila mmoja alikuwa na habari mbaya kuliko ya mwenzake, kama watu wanaoonyeshana vidonda.

Mama Furaha alileta ya kwake jikoni kwetu. Alikuwa Mkongo wa Kivu, mjane, mwenye Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa na sauti ya kuweza kuamsha ghorofa ya juu.

"Bon, munisikilize," alisema, amesimama mlangoni na kikombe chake, kwa maana chai ya kwetu ilikuwa tamu kuliko ya kwake. "Siku matokeo itatoka, donc, ba serikali batapita nyumba kwa nyumba. Bakikuta banaume babili mu nyumba moja, banaandika: huyu bwana, huyu bibi. Sheria njo ile."

"Mama Furaha, wewe!" alisema Mama. "Nani kakwambia?"

"Dada yangu wa Buffalo. Yeye aliambiwa na mutu wa ofisi."

"Na mimi mwenye mume nitakwenda wapi?"

"Wewe? Wewe utakuja kwangu. Nitakupa chai."

Mama alijifunika uso na kitenge, mabega yakatikisika. Nikajua analia. Mtoto gani hajui mama yake anapolia? Nikatoka chini ya meza kimyakimya nikaenda kukaa bafuni, nikapiga hesabu. Nyumbani kwetu wanaume wawili: Baba na Nestori. Mimi sikuhesabika, bado nilikuwa na mapengo. Kwa hiyo makarani wakija, Baba ataolewa na mdogo wake, Mama atakwenda kwa Mama Furaha kunywa chai yake isiyo na sukari, na sisi watoto Mungu ajuaye.

Tangu siku hiyo nikaanza kuona dalili, na kila dalili ilikubaliana na hesabu yangu. Nitawapa moja. Kwetu ndugu wa kiume hula sahani moja. Ugali katikati, maharage pembeni, mkono wa mkubwa unatangulia na wa mdogo unafuata. Baba na Nestori walikula hivyo tangu kambini, na nina hakika wangekula hivyo hata mbele ya rais. Jioni moja Baba alikaa, akaangalia sahani, akasema, "Mama Rehema, nipakulie ya kwangu peke yake."

Mama alisimama na mwiko hewani. "Ya kwako vipi?"

"Nimesema ya kwangu."

Nestori alikuwa ameshanawa. Mkono wake ulibaki juu ya ugali, maji yanadondoka. Kisha akacheka, ule mcheko wake wa pua, akasema, "Kaka leo ana njaa ya peke yake," akavuta sahani upande wake. Hakuna aliyecheka naye isipokuwa mimi, na mimi nilicheka kwa kuwa nilimwelewa Baba kuliko wote. Baba anapunguza ushahidi! Makarani wakiuliza majirani, hawa wawili hula pamoja? Majirani watasema, hapana, kila mtu na sahani yake. Nilimwona Baba kuwa mtu mwenye akili kushinda mawaziri wa nchi kumi na mbili.

Halafu Baba akaacha kumpa Nestori mashati yake. Alikwenda kazini, kwenye ghala la vifurushi alilofanyia zamu ya usiku, na shati limekunjamana kama kabichi. Halafu yakaja ya maegesho. Tulikuwa tumetoka ibadani, jua la Louisville linayeyusha lami, na wanaume wamesimama kama kawaida. Mmoja wa kwaya, mwenye tumbo la kumtangulia, akaita:

"Nestori! Wewe unayetunyoosha mashati wanaume wote, siku ya matokeo tukuoze kwa nani?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Mwacheni," akasema mwingine. "Binti aliyeposewa Kolumbasi amemkataa, binti wa Buffalo amemkataa. Anasubiri majaji."

"Nilivyosikia mimi, ni yeye aliyewakataa."

"Ndiyo maana nasema anasubiri majaji."

Nestori naye alicheka, lakini mcheko wake ulichelewa kidogo, kama mtu anayekimbilia basi ambalo mlango umeshafungwa. Nikamwangalia Baba. Baba hakucheka. Alikuwa amekaza shingo, anamtazama Nestori, si wale waliosema. Akachukua ufunguo, akatuingiza kwenye gari, akaondoka bila kuaga mtu. Nestori alirudi kwa miguu. Njia nzima Rehema, ambaye Mama alipomuuliza kitu alizoea kujibu kwa Kiingereza ili kumuudhi, siku hiyo hakujibu hata kwa Kiingereza.

Nikaona lazima nichukue hatua. Jumamosi iliyofuata mashati yaliyoletwa yalikuwa machache sana, na Nestori alikuwa anayapiga pasi polepole ili yasiishe. Nikatoka chini ya meza nikamweleza kila kitu: makarani, paa, chai ya Mama Furaha. Nikamweleza na mpango wangu. Siku ya matokeo alale kwa Mama Furaha. Halafu nikashtuka mwenyewe: wakimkuta huko, si wataandikwa naye? Bora ajifiche kwenye lile kabati la mashine za kufulia kule chini.

Nestori aliiweka pasi wima. Akacheka mpaka akajishikilia meza, machozi yakamtoka, na hapo kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi alikuwa Nestori wa zamani. Kisha akachuchumaa mbele yangu.

"Na wewe ungependa nihesabiwe wapi?"

"Chumbani kwetu."

"Hata kama watu wanasema mabaya juu yangu?"

"Watu gani?"

"Watu tu."

"Hata hivyo," nikasema. Alinishika kichwa kwa mikono yake miwili, yenye joto la pasi, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Siku ya matokeo ilikuwa asubuhi ya joto, shule zimefungwa. Niliamka nikawakuta wote jikoni. Baba alikuwa amerudi kutoka kazini na hakulala; alikaa na viatu miguuni, jambo ambalo Mama hakuliruhusu. Nestori alisimama karibu na friji. Chai ilikuwa imepoa mezani, imefanya utando. Macho ya Mama yalikuwa mekundu nikadhani ni vitunguu, nikatafuta vitunguu kwa macho, sikuviona. Nyuma ya mlango lilikuwa begi la Nestori, limefungwa. Nikafurahi. Nikajua amefuata ushauri wangu.

Mama Furaha akaingia bila kubisha, kama kila siku. "Bado?" akauliza. "Mufungue televizio!"

Hakuna aliyesogea, akaifungua mwenyewe. Kwenye skrini kulikuwa na ngazi nyeupe za jengo la majaji, na umati wa watu, nami nitasema milioni moja, na bendera za rangi zote. Mtangazaji alisema haraka haraka. Kisha umati ukalipuka: watu wanakumbatiana, wanalia, wanarukaruka. Mama Furaha akamshika Rehema mkono. "Banasema nini?"

Rehema alikuwa amesimama mbele ya pazia lake, nywele hajachana. Alimwangalia Nestori kwanza, halafu akasema kwa Kiswahili, vizuri kabisa: "Imepita. Nchi nzima."

Baba akazima televisheni. Akabaki amesimama, mgongo kwetu.

"Umeona?" alisema. "Serikali yako imekupokea. Nenda kwake. Jua lisizame ukiwa chini ya paa hili."

Sikilizeni maneno hayo kwa masikio yangu ya wakati ule. Serikali. Paa hili. Jua lisizame. Kila kitu alichosema Mama Furaha, sasa kinatoka mdomoni mwa baba yangu mwenyewe!

"Kaka," alisema Nestori.

"Mimi si kaka yako."

"Baba Rehema," Mama akasema, "ni mdogo wako. Wa tumbo moja."

"Tulipokimbia nyumbani nilimbeba mgongoni," Baba akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, ndiyo ilikuwa mbaya. "Nikaacha godoro, nikaacha mbuzi, nikambeba huyu. Ningalijua, ningalimbeba mbuzi."

Mama Furaha akaweka kikombe chini. Nadhani ndiyo siku pekee duniani aliyokosa habari ya kuongeza. "Eh, Baba Rehema," akasema taratibu, "donc hata chai asimalize?"

Mimi ndiye niliyejibu. Nilimrukia Nestori nikamvuta shati: "Baba mdogo, haraka, watakukuta!" Nikalikokota begi mpaka kwenye ngazi, zito kama ng'ombe mwenye mimba, na nilikuwa najisikia mwanajeshi. Mama alimfungia chapati na mayai kwenye karatasi ya foili. Baba aliingia chumbani akafunga mlango. Nestori alisimama kidogo mbele ya mlango ule, akainua mkono kama wa kubisha, akaushusha. Chini alikuwa anamsubiri kijana mmoja mwenye gari anayekwenda Kolumbasi, jimbo la Ohio. Nilimpungia mkono kwa furaha yangu yote mpaka gari likakata kona. Nilidhani atarudi hesabu ikiisha, pengine Jumapili.

Siku nzima nilikaa dirishani kusubiri makarani. Alikuja mtu wa vifurushi. Nikafungua mlango kabla hajabisha, nikamwambia kwa Kiingereza changu kipya, kwa sauti kubwa ili na majirani wasikie, kwamba hapa kuna mwanaume mmoja tu. Akasema hongera. Akaacha kifurushi.

Nestori hakurudi Jumapili. Nikamuuliza Baba kama hesabu imeisha, akanitazama kama nimemtukana, na tangu hapo jina la Nestori likawa kitu cha moto nyumbani mwetu, kila mtu analizunguka. Habari zake tulizipata kwa vipande. Alikuwa Reynoldsburg, mashariki mwa Kolumbasi, anapanga mizigo dukani. Akajiunga na kanisa la watu wetu huko. Halafu mtu wa Louisville akampigia simu mtu wa Kolumbasi, maana maneno ya watu hayahitaji leseni ya kuendesha, na kanisani wakamwambia asiguse tena mashati ya kwaya, baadaye wakamwambia asije. Akasogea tena, Buffalo. Huko habari zikakatika.

Nilipokua nami nikahamia Reynoldsburg, kwenye ghala kubwa ambalo ukianza kulitembea Jumatatu unatokea upande wa pili Alhamisi. Jioni nilisoma shule ya watu wazima, nikamaliza, na joho langu lilikuwa jeusi kama la majaji wale. Nililipiga pasi mwenyewe. Huko darasani, siku mwalimu alipotufundisha jinsi kura ya majaji inavyokuwa sheria, nilinyoosha mkono nikauliza makarani walipita lini. Darasa liliangua kicheko ambacho nadhani bado kinazunguka jengo lile. Nami nikacheka. Ndipo ikawa hadithi yangu. Wakati wa mapumziko kazini niliisimulia kila nilipopata mtu mgeni: jinsi wazee wangu walivyoogopa karani asiyekuwepo mpaka wakamtoa ndugu yao nje. Niliongeza mzee wa kibiriti, niliongeza mtu wa vifurushi. Watu walitema chakula kwa kucheka. Na mimi niliamini mwisho wake kama nilivyousimulia, kwamba washamba wawili walitenganishwa na uvumi, na siku moja mmoja atampigia mwenzake wacheke.

Hawakupigiana. Baba akafa.

Baada ya mazishi Mama aliniita jikoni. Kwetu, siku ya kuondoa matanga, mdogo wa marehemu ndiye anayesimama mbele ya watu kusema kilio kimetosha, kazi irudi. Mdogo alikuwa mmoja tu. "Nenda Buffalo umlete Nestori," alisema. "Siwezi kuondoa matanga na mtu wetu amesimama nje."

"Atakuja tu," nikasema. "Ule uvumi umeshakufa zamani."

Mama alinitazama kama mtu anayetaka kusema kitu kirefu na hana pumzi. "Nenda," akasema.

Dada yake Mama Furaha ndiye aliyenielekeza: alikuwa anaishi Lackawanna, kusini mwa Buffalo, kwenye mji ambao zamani uliyeyusha chuma na sasa unayeyusha theluji tu, na upepo wa ziwa ulikuwa unavua watu kofia. Mlango ulifunguliwa na mwanaume wa makamo, mnene kidogo, na aproni kiunoni.

"Karibu. Mimi ni Safari. Unatafuta nani?" Nikataja jina la Nestori. Akageuka ndani: "Nesto, uko na mugeni. Anafanana na wewe pua."

Nestori alikuja taratibu. Mvi zilikuwa zimemwingia. Alisimama katikati ya sebule na hakunionyesha kiti. Kwa watu wetu, mgeni aliyetoka safari asipoonyeshwa kiti amepigwa kofi.

"Shikamoo, baba mdogo."

Aliiacha shikamoo ining'inie. "Umetumwa na nani?"

"Mama. Baba ame..."

"Nilisikia. Mabaya yananifikia yote. Mema ndiyo hupotea njiani."

"Tunakuomba uje uondoe matanga."

"Baba yako alinifanyia matanga nikiwa hai. Aliyaondoa nani?"

Mimi nikikosa jibu huwa naongea. Nikamwaga hadithi yangu yote, pale pale nimesimama na koti mwilini, na chumvi yake yote. Safari alicheka nilipofika kwa mzee wa kibiriti. Kisha akamtazama Nestori usoni, akaacha, akarudi jikoni.

"Hadithi hii umeisimulia kwa watu?" Nestori akauliza.

"Mara nyingi. Wanavunjika mbavu."

"Na mwisho wake unasemaje?"

"Kwamba mlitenganishwa na uvumi wa Mama Furaha. Na sasa haupo, baba mdogo. Hakuna mtu anayehesabu. Rudi nyumbani."

Alivuta kiti kwa mguu, akakisukuma kuja kwangu. "Kaa," akasema. Nikakaa. Yeye hakukaa.

"Uvumi ule hakuna mtu mzima aliyeuamini katika nyumba ile. Uliuamini wewe, kwa sababu ulikuwa mtoto. Asubuhi ile, wewe ukiwa bado umelala, baba yako aliniuliza kama yale watu wanayosema juu yangu ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Nilikuwa nimechoka kusema si kweli. Akaniambia niondoke, kabla televisheni haijafunguliwa, kabla majaji hawajasema lolote. Hata kura ingeanguka, ningeondoka siku ile ile. Kama mama yako ananiita, aniite akijua hivyo, mbele ya watu, na Safari aje nami. Mimi sikukimbia makarani. Nilifukuzwa na kaka yangu."